Kupaka Rangi Upya Karavani Kuukuu kwa Mikono Yako: Mwongozo Kamili

Pitisha kiganja juu ya ubavu wa karavani yako, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari. Kikitoka cheupe kama umeshika chaki, rangi hiyo imekwisha: jua limekula gundi iliyokuwa ikishikilia chembe zake, na kilichobaki ni vumbi linalosubiri mvua. Wengi wakifika hapo hukimbilia dukani kununua kopo. Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza. Niliosha Jumamosi asubuhi, nikapaka mchana, Jumapili jioni nikawa napiga picha. Mwaka haukuisha, rangi ikaanza kubanduka vipande vikubwa vikubwa, na chini yake ile ya zamani ipo vilevile, inateleza kwa nta.

Kupaka kwenyewe ni kazi ya siku mbili au tatu. Maandalizi huchukua jioni na mwisho wa juma wa wiki mbili hadi tatu. Kama huna muda huo kwa sasa, funika karavani kwa turubai na usubiri utakapoupata.

Jua kwanza unapaka juu ya nini

Karavani nyingi za zamani zimevikwa ama mabati ya alumini ama fibaglasi. Bati la alumini mara nyingi lina mikunjo, ukiligonga kwa kucha linalia kama debe, na sumaku hailishiki. Fibaglasi ina uso laini, mlio wake ni mzito, na ikipigwa hupasuka badala ya kubonyea. Tofauti hii ndiyo itakayoamua praima, yaani rangi ya chini inayoshikisha ile ya juu, kwa hiyo usibahatishe.

Kama ni fibaglasi, jaribu jambo moja kabla hujanunua chochote. Chagua eneo la ukubwa wa sinia, lioshe, kisha ulisugue kwa dawa ya kung'arishia boti. Tabaka la juu la fibaglasi, linaloitwa jelikoti, huwa nene kuliko rangi ya kawaida, na mara nyingi ubora wake umejificha chini ya ule utando mweupe. Mng'ao ukirudi, huhitaji rangi. Unahitaji mashine ya kung'arisha na mikono yenye subira. Vivyo hivyo, kama karavani yako ni ya alumini tupu iliyong'arishwa, mfano wa zile za kampuni ya Airstream, fikiri mara tatu. Kupaka rangi juu ya alumini ile ni rahisi, kuiondoa baadaye ni adhabu.

Paa ni kazi nyingine kabisa. Mapaa mengine yamefunikwa kwa mpira, na mpira huo huhitaji mipako yake maalumu. Rangi ya ubavuni haishiki pale, na thina ya petroli huuvimbisha mpira hadi ukaachia gundi.

Yabaki majaribio mawili. La kwanza: chovya kitambaa cheupe kwenye thina kali, kisugue juu ya rangi ya zamani kwa nusu dakika. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, jua kwamba rangi mpya yenye thina kali itaikunja kama ngozi ya maziwa. Itabidi uikwangue yote au utenganishe kwa praima ya kuzuia. La pili ni la risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978, lakini rangi za vyombo vya moto na mitambo ziliendelea kuwa nayo kwa muda zaidi katika nchi nyingi. Kama karavani ni ya zama hizo, tumia vipimo vya risasi vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Vikionyesha ipo, usipige msasa mkavu hata kidogo. Piga msasa wa maji, vaa barakoa ya kichujio cha P100, kusanya uchafu wote kwenye nailoni, na weka watoto na wajawazito mbali na eneo hilo.

Maji ndiyo adui, si jua

Hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi kuliko popote. Karavani haifi kwa rangi mbaya. Hufa kwa maji yanayopenya kwenye viungo na kuozesha mbao za ndani ya kuta. Methali ya ufa na ukuta hapa si methali, ni maelezo ya kazi.

Ingia ndani, bonyeza kuta kwa dole gumba kuanzia chini ya madirisha, kwenye pembe, na kuzunguka tundu la hewa la darini. Palipo laini pameoza. Panuse: harufu ya ukungu haidanganyi. Kwa nje, tazama ubavu kwa pembeni wakati jua liko chini. Kwenye fibaglasi ukiona uvimbe mpana kama godoro lililojaa hewa, ganda limeachana na mbao kwa sababu ya maji. Ukipaka juu ya uvimbe huo utakuwa umeupamba tu, na rangi inayong'aa huuonyesha zaidi.

Maji huingia hasa kwenye vipande vya chuma vinavyofunika pembe, kwenye fremu za madirisha, taa ndogo za pembeni na kila palipo na skrubu. Kuongeza gundi juu ya gundi iliyokufa hakusaidii. Fungua fremu, kwangua utepe mkavu uliomo nyuma yake, weka utepe mpya wa butili, kisha ufunge. Butili haikauki ikawa ngumu. Hubaki kama ulimbo, inanyooka na kurudi. Ulaini huo una maana. Alumini hutanuka takribani mikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Karavani ya mita 6, kati ya usiku wa baridi na mchana wa jua kali wenye tofauti ya nyuzi 40, hurefuka zaidi ya milimita 5. Gundi ngumu haivumilii mwendo huo, na rangi ngumu kupita kiasi nayo itapasuka kwenye viungo.

Silikoni je? Iondoe, na usiiongeze. Rangi haishiki juu yake, na mabaki yake yakisambazwa na kitambaa utayakuta tena siku ya kupaka, yakiisukuma rangi na kuacha vishimo vya duara. Ikwangue kwa kisu cha plastiki, tumia dawa ya kuyeyusha silikoni, na kitambaa ulichotumia hapo kitupe papo hapo.

Vua kila kinachovulika

Taa, vitasa, vishikio, vifuniko vya matundu, chandarua cha mlangoni: vyote vitoke. Mstari wa rangi uliozungukia kitasa kwa brashi ndio humwambia kila mpita njia kwamba kazi ilifanywa kwa pupa. Piga picha kabla ya kufungua, na kila kifaa kiingie kwenye mfuko wake pamoja na skrubu zake, jina likiandikwa juu. Skrubu za chuma zilizochimba bati la alumini na kuacha unga mweupe usizirudishe. Metali mbili tofauti zikikutana na maji, alumini ndiyo huliwa. Nunua za chuma kisichoshika kutu, na uzipake gundi ya kuzibia kwenye nyuzi zake.

Kabla ya kufungua kopo lolote la thina, zima gesi, ondoa mitungi, zima moto mdogo wa friji na wa jiko, na uchomoe nyaya za betri. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kutafuta cheche.

Stika za zamani zipashe moto kwa feni ya joto au ile ya kukaushia nywele, uzivute polepole kwa pembe. Zikikatikakatika, usikasirike, ndivyo zilivyo. Gundi yake iondoe kwa spiriti. Utakuta rangi iliyokuwa chini ya stika imeinuka kidogo kuliko ya jirani. Umbo hilo litaonekana hata baada ya tabaka tatu usipolisawazisha kwa msasa.

Osha, toa nta, ndipo upige msasa

Mpangilio huu haubadiliki. Ukitanguliza msasa, unaisukuma nta na mafuta ndani ya mikwaruzo, na hapo hakuna kitambaa kitakachoyafikia.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuza kutoka juu kwenda chini. Penye kuvu tumia dawa ya klorini iliyozimuliwa. Usiichanganye kamwe na amonia wala siki, maana hutoa gesi ya sumu. Mashine ya maji ya kasi iweke mbali na viungo, la sivyo utakuwa umeingiza ndani maji ambayo mvua imeshindwa kuyaingiza kwa miaka.

Ikikauka, twaa vitambaa viwili. Kimoja kiloweshe dawa ya kuondoa nta na grisi, cha pili kiwe kikavu. Futa eneo la kama nusu mita kwa kitambaa chenye dawa, na kabla haijakauka ifute kwa kikavu. Ukiiacha ikauke yenyewe, grisi hurudi ilipokuwa. Geuza vitambaa mara kwa mara na uvibadilishe bila uchoyo. Kisha fanya kipimo cha maji: mwaga maji safi. Yakitandaa kama karatasi, pamesafika. Yakijikusanya matone, rudia.

Msasa: namba 80 kwa kingo zinazobanduka na penye kutu tu, namba 180 hadi 220 kwa sehemu nzima, namba 320 kwa praima kabla ya rangi. Huhitaji kufika kwenye bati tupu. Unachotafuta ni uso uliofifia wote, usio na hata doa moja linalong'aa. Kwenye mikunjo ya bati, msasa wa karatasi hula vilele na kuacha mabonde. Tumia sponji ya msasa au pedi ya kusugulia inayojikunja. Ukingo wa rangi iliyobanduka usugue huku ukiupapasa, hadi kidole kisihisi ngazi. Macho hudanganywa na vumbi.

Matundu, puti na praima

Matundu ya riveti zilizokatika yapigie riveti mpya za alumini zenye gundi ya kuzibia. Mibonyeo midogo iache. Nasema kwa uzoefu: puti kwenye bati jembamba linalotikisika barabarani hupasuka, na bati lenye mbonyeo mmoja lina heshima kuliko lenye kiraka kinachodondoka. Ukilazimika, puti ya epoksi ni bora kuliko ile ya kawaida ya magari, na iwe nyembamba.

Alumini tupu hujivika utando wa oksidi dakika hiyo hiyo unapomaliza kuipiga msasa, na utando huo huendelea kukomaa. Kwa hiyo bati tupu lipate praima siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa chache. Tumia praima ya kung'ata metali, ile yenye asidi, au ya epoksi. Usichanganye hizi mbili ovyo: nyingi za epoksi hazikubali kukaa juu ya ile ya asidi, na maelezo ya kopo ndiyo hakimu. Praima za zamani za kromati ya zinki ziepuke, zina kromiamu inayosababisha saratani. Zipo za fosfati ya zinki. Fibaglasi yenyewe inataka praima ya epoksi au ile iliyoandikwa kwamba hushika jelikoti. Pale rangi ya zamani ilipo imara na umeipiga msasa vizuri, praima ya kawaida ya rangi uliyochagua inatosha.

Rangi ipi?

Rangi ya maji ya akriliki, ile ya kuta za nje, ndiyo rahisi kupata na kutumia. Inanyumbulika, haina mvuke mkali, na brashi huoshwa kwa maji. Udhaifu wake ni ulaini: huchukua kama mwezi mzima kukomaa, na penye mpira wa mlango hunata. Kwa karavani itakayokaa mahali pamoja, inafaa sana.

Rangi ya mafuta ya alkidi, ile ya mitambo na matrekta, ni ngumu zaidi na hujisawazisha vizuri, ila nyeupe yake hugeuka njano kidogo, na jua huifanya chaki mapema. Rangi ya boti ya poliyurethani ya kopo moja ndiyo chaguo langu: mng'ao hudumu, hunyooka vizuri, na mtu asiye fundi anaweza kuipaka kwa rola akapata uso wa kujivunia.

Halafu kuna poliyurethani ya makopo mawili, yenye hadina, yaani dawa ya kuigandisha. Hiyo ndiyo imara kuliko zote, na ndiyo ambayo sikushauri kuipuliza kwa bunduki nyumbani. Hadina yake ina isosianeti, ambazo zikivutwa huweza kusababisha pumu ya kudumu, na kichujio cha kawaida hakitoshi. Mafundi huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Kuhusu kiasi: karavani ya urefu wa mita 6, upana 2.3 na kuta za mita 2.2 ina takribani mita za mraba 36 kwa pande nne. Ondoa madirisha, ongeza mikunjo, utarudi palepale. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10, hivyo tabaka mbili zinataka lita 7 hadi 8. Nunua zote siku moja, na kama makopo ni mengi yamimine kwenye ndoo moja uyachanganye, kwa kuwa rangi ya jina moja hutofautiana kidogo kopo kwa kopo. Chagua rangi nyepesi. Karavani nyeusi inapendeza pichani, lakini ndani yake mchana hakukaliki.

Siku ya kupaka

Tafuta siku kavu, isiyo na upepo, ya kati ya nyuzi 10 na 30. Bati liwe na joto walau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kujitokeza, na ubavu unaoupaka uwe kivulini. Zunguka karavani ukilikimbia jua. Acha kazi saa kadhaa kabla ya jioni. Umande ukianguka juu ya rangi mbichi, asubuhi utaikuta imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Funika matairi, madirisha, kibao cha namba ya utambulisho na raba zote. Angalia pia vitundu vidogo chini ya madirisha vinavyotoa maji, na matundu ya hewa ya friji na hita: hivi visizibwe na rangi kamwe. Mwagia ardhi maji vumbi litulie, kisha futa ubavu kwa kitambaa chenye kunata.

Njia bora bila mashine ni rola na brashi, watu wawili. Wa kwanza anashika rola ndogo ya sponji ya sentimita 10, anapaka tabaka jembamba kwenye ukanda wa nusu mita, kutoka juu hadi chini. Wa pili anamfuata papo hapo na brashi laini, kavu, akiigusisha ncha tu juu ya rangi mbichi ili kupasua mapovu. Brashi iende kuelekea rangi iliyotangulia, iinuliwe taratibu kama ndege anayeruka. Kisha ukanda unaofuata, kabla ukingo wa mwanzo haujakauka. Ukishauacha, usiurudie. Ukiona kasoro dakika kumi baadaye, iache. Tabaka lijalo litaifunika, mkono wako utaizidisha. Rangi ikivuta brashi kama asali, ongeza thina kidogo kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kopo.

Tabaka la kwanza litakuvunja moyo. Litaonekana kama kitambaa kilichopauka, na la zamani likichungulia. Usilinenepeshe kwa hasira, maana ndiko michirizi inakotoka. Subiri kama kopo linavyosema, piga msasa mwepesi wa namba 320 au 400, futa vumbi, paka la pili. Rangi nyingine za mafuta zina dirisha la kurudia: ama ndani ya saa fulani ama baada ya siku kadhaa, na ukipaka katikati zinajikunja. Tepu uliyofunikia itoe rangi ya mwisho ikiwa bado laini kidogo, ukiivuta nyuma kwa kuikunja juu yake yenyewe.

Vishimo vya duara vikitokea, ni silikoni au nta: acha, futa yote ikiwa mbichi, safisha upya. Uso ukiwa kama ganda la chungwa, rangi ilikuwa nzito au bati lilikuwa la moto. Mchirizi uliokauka utaukata kwa msasa wa maji, ila ngoja ukauke kwelikweli, wiki ikibidi.

Vitambaa vyenye rangi ya mafuta visirundikwe pembeni. Vinapokauka hujitengenezea joto hadi vikawaka vyenyewe. Vianike kimoja kimoja nje, au uvizamishe kwenye debe la maji lenye kifuniko.

Kurudisha vifaa

Ngoja siku mbili tatu kabla ya kufunga chochote, na mwezi kabla ya kupaka nta. Mlango uache wazi kadiri uwezavyo siku za mwanzo ili usigandie fremu. Kila kifaa kinarudi na butili mpya nyuma yake. Ikichomoza pembeni baada ya kukaza skrubu, ikate kwa kijiti cha plastiki. Mimina rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi shingoni, andika jina na tarehe, iweke kwa ajili ya mikwaruzo.

Mwisho washa taa zote kabla hujaifunga karavani nyuma ya gari. Katika karavani nyingi za zamani umeme wa taa hurudi kwa kupitia bati lenyewe, na rangi yako mpya inaweza kuwa imekata njia hiyo. Taa ikigoma, kwangua rangi kidogo chini ya skrubu yake, upake grisi ya umeme, ukaze tena.